Mimi ni fundi milango, ila choo changu kilikaa miaka miwili na kiroba

Wakuu, za muda huu.

Hii siyo chai. Na kama ni chai, basi aliyeipika ni mke wangu, maana ndiye aliyeniambia niilete humu na wengine wasome.

Mimi ni fundi seremala hapa Songea. Karakana ipo Bombambili, nyumbani ni Mjimwema. Kazi yangu kubwa ni milango. Milango yangu imefika mpaka Ruhuwiko kwa watu wenye mageti na mbwa. Sijisifu, naweka tu mambo sawa ili muelewe aibu ilivyokuwa.

Tulipohamia kwetu, nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango wa choo. Choo ni cha nje, kipo uani, kinatazamana na mlango wa jikoni. Nikatundika kiroba cha mbolea kwa muda tu. Nikamwambia mke wangu, Mama Beno, kwamba wiki ijayo naleta mlango.

Hiyo wiki ijayo ilichukua miaka miwili.

Msinielewe vibaya, mimi si mvivu. Saa moja asubuhi karakana iko wazi. Naanza na simu kidogo, kuona kama kuna mteja kanitafuta. Kutoka hapo najikuta kwenye video za mafundi wa nje, wanavyotengeneza milango kwa mashine. Najifunza. Saa nne ni chai. Baada ya chai, jirani yangu fundi baiskeli anatandika ubao wa drafti, na huwezi kumwacha hivihivi mtu aliyekufunga jana.

Jua likianza kushuka ndipo nashika randa kwa hasira, namalizia kazi ya mteja anayepiga kelele kuliko wenzake. Choo changu hakikuwahi kupiga kelele.

Halafu mara mbili nilishatengeneza kabisa mlango wa nyumbani. Mara zote mbili akatokea mtu ana haraka zake, nikamwachia, wa kwangu nikasema nitafanya kesho.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Mbinga kutusalimia. Asubuhi yeye yuko chooni, mimi natoka jikoni na ndoo ya maji, upepo ukapita.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Huyu ni mama ambaye hata kumtazama usoni huwa naona vibaya. Nilidondosha ndoo nikarudi ndani kinyumenyume. Mama alifunga mzigo wake, mchana huohuo akapanda gari.

Sasa mwaka huu Mama Beno akawa mjamzito. Mimba ilipofika mwezi wa nane, mama yake akapiga simu. Alisema atakuja kumpokea mjukuu, ila akute choo kina mlango. Wakati huohuo ratiba ya jumuiya ikatoka, na Jumamosi ile sala ilikuwa kwetu. Kwa wasio Wakatoliki, jumuiya ni kaya za jirani, tunasali kwa zamu nyumba hadi nyumba. Ni watu kama ishirini, wengi wazee, na mkimaliza mnakunywa chai. Chai ikishanyweka mnajua inaelekea wapi.

Jumatatu Mama Beno akanikalisha.

"Baba Beno, jumuiya ni Jumamosi, mama anakuja Jumapili. Mlango usipokuwepo, mimi na Beno tunaenda Mbinga. Na huyu wa tumboni atazaliwa hukohuko."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akisema anaondoka, huyo anaondoka kweli.

Ila wakuu, kutoka Jumatatu hadi Jumamosi ni mbali. Jumanne nilikuwa na deni la drafti. Jumatano umeme ulikatika, na japokuwa mimi natumia randa ya mkono, nilikosa mood. Alhamisi nilipima. Nikajipongeza kwa kupima. Ijumaa nikaenda kununua mbao, nikakuta muuza mbao kafunga, yuko msibani.

Jumamosi asubuhi sina hata ubao mmoja wa kwangu.

Karakana nzima mbao za maana zilikuwa za Mwalimu tu. Mwalimu ni mstaafu, jirani yetu, tuko naye jumuiya moja. Aliniletea mbao zake saba za mninga kwa ajili ya mlango wa chumbani, na kila ubao aliuwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu ili nisije nikambadilishia. Nilishazipiga randa upande mmoja, nikaziegesha. Kwa miezi miwili kila akija namwambia, "Mwalimu, mbao bado mbichi, tukiharakisha mlango utapinda." Anatikisa kichwa, anaondoka zake.

Nilijua yuko shambani Namtumbo mpaka Jumatatu. Nikajiambia Jumatatu hiyohiyo namnunulia nyingine.

Nikakata. Nikaunga. Nikafunga bawaba na komeo. Upande wenye randa nikautazamisha nje, wenye alama nyekundu ukabaki ndani. Yote hayo masaa matatu.

Saa kumi jumuiya ikafika. Mama Beno alivaa kitenge kipya, anawaelekeza kina mama, "Msalani ni pale," wakati hakuna aliyeuliza. Nilimtazama nikafurahi sana, nikasahau kabisa kuwa mlango ni wa wizi.

Tumemaliza wimbo wa kwanza, Mwalimu huyo akaingia na vumbi lake la safari. Alisema amerudi mapema, hakutaka kukosa sala kwa fundi wake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Samahani fundi, msalani ni wapi?"

Nikasikia komeo likifungwa. Somo likasomwa lote. Tafakari ikaanza. Mtu hatoki. Mimi tafakari yangu siku hiyo ilikuwa moja tu.

Alipotoka alikaa, katulia, kama amemaliza kusahihisha mitihani ya darasa zima. Ukafika wakati wa maombi, kila mwenye nia anaitoa kwa sauti. Mwalimu akasimama.

"Tumshukuru Mungu kwa mbao zangu saba. Fundi wetu amenieleza kwa miezi miwili kwamba ni mbichi. Leo nimezikuta zimekauka zote, nimezihesabu, na zinafunga vizuri. Tuwaombee na wateja wake wengine, wajaliwe uvumilivu. Ee Bwana."

Jumuiya nzima kwa mazoea ikaitikia, "Twakuomba utusikie."

Halafu vichwa vikaanza kugeuka kuelekea uani, kimoja kimoja. Bibi mmoja akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na hapo sala ikavunjika.

Nilisimama nikamwomba Mwalimu msamaha mbele ya wote, nikasema naung'oa sasa hivi.

"Acha," akasema. "Chumbani kwangu siwezi kuweka mlango ulioanzia kazi chooni. Nataka mwingine, mninga, Alhamisi."

Nilimpelekea Jumatano. Nikamkuta hajajiandaa, hata bati aliloziba nalo uwazi wa mlango hajaling'oa, akawa yeye ndiye anayeniambia nisubiri kidogo.

Mama mkwe alikuja Jumapili kama alivyoahidi. Alienda uani, akarudi, akaniambia, "Asante baba." Nilidhani stori imeishia hapo.

Sasa wiki moja baadaye, mchana, nipo uani napasua kuni. Mama Beno yuko chooni, kafunga komeo. Napita na mzigo wa kuni nikamsikia anakohoa. Alipotoka nikamuuliza kama kifua kinambana, maana na ile hali yake.

Akasema hana kifua. Akasema enzi za kiroba, mtu akisikia nyayo ilibidi akohoe, ili anayekuja ajue kuna mtu.

"Nimekohoa miaka miwili, Baba Beno. Kuacha nako kutachukua muda."

Wakuu, kuchekwa na jumuiya nzima hakukuniuma. Hili liliniuma.

Siku zote nilijua kuahirisha ni tatizo langu, nachezea muda wangu mwenyewe. Kumbe bili ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine, na yeye alikuwa analipa kila siku bila kunionyesha risiti. Kazi ya masaa matatu.

Siku hizi simu inakaa kwenye boksi la vifaa mpaka saa sita. Kazi ya nyumbani haiuzwi, hata aje nani na haraka zake. Drafti bado nacheza, siwezi kuwadanganya, ila jioni, na bado nafungwa.

Haya, semeni na nyie. Angalia hapo kwako sasa hivi: ni kitu gani ulisema wiki ijayo, mpaka mwenzako ameshazoea kuishi bila hicho kitu? Mkijibu kesho nitajua mko upande gani.