Labradori Wangu na Mihogo ya Bamama

Jamani, kosa ni langu, mbwa msimtupie mawe!

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, mume wa mtu. Mgeni mmoja aliyekuwa akihama alinipa labradori wake, dume la manjano, kubwa kama ndama. Alinieleza wazi kwamba mbwa wa aina hii kazi yake ni kuingia majini na kuleta vitu. Nami naitikia oui, oui, macho yangu kwenye mabega ya mbwa. Nimepata mlinzi! Mke wangu hata sikumuuliza.

Mlinzi gani! Kila aliyepita alipungiwa mkia. Lakini tulipendana, sifichi.

Sasa, huku kwetu wanawake huloweka mihogo majini siku kadhaa kabla ya kuianika. Asubuhi moja nakuta muhogo mlangoni, umelowa, umewekwa taratibu, hauna hata alama ya jino. Kesho yake mitatu! Nikamfuata mbwa, nikamwona akitoka ziwani na mwingine mdomoni. Nikacheka peke yangu, nikaitupa nyuma ya choo. Ningesema, mbwa angefukuzwa.

Haikupita wiki, bamama watatu wakaingia uani, wakaiona mihogo yao, wakamgeukia mke wangu.

"Mama Neema, mihogo yetu iko inafanya nini kwako?"

"Mi sijue!" Akanigeukia mimi. "Papa Neema, sema basi!"

Nikainamia cherehani, nikakanyaga pedali. Eh, aibu! Wakamtoa kwenye kikundi chao cha kulimiana mashamba. Mama wa watoto wangu akaitwa mwizi, na mimi nipo, napima suruali za watu.

Siku ya tatu mbwa akaungama kabla yangu. Alikatiza soko mchana kweupe, muhogo mdomoni, akauweka miguuni pa mke wangu. Watu walicheka hadi machozi, na wale bamama wakamwomba msamaha palepale. Yeye hakucheka. Akaja nyumbani akaniuliza, "We ulijua?"

Nikasema ndiyo. Akafunga mizigo, akaenda kwao Nundu.

Mbwa nimempa mvuvi wa Mboko, anaogelea kutwa, raha mustarehe. Nikakimbilia Nundu na habari hiyo, nikidhani yamekwisha. Mke wangu akanijibu, "Mi sina shida na imbwa. Imbwa haikujua kitu. We ulijua."

Wenzangu, kabla hujaleta mnyama nyumbani, uliza amezaliwa kwa kazi gani, na umuulize mwenzako. Mnyama akikosea, sema siku hiyohiyo, hata mtaa mzima ukucheke! Mimi mara mbili nimerudi peke yangu; Jumapili naenda Nundu mara ya tatu. Niombeeni.