Nilichimba shamba la mke wangu kwa kufuata ua la shaba, nikakuta majivu ya mababu

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Mimi ni mzee mstaafu. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe na mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha shuleni. Lakini watu wakiongea nitawaacha waongee kikwetu, mtawaelewa tu.

Naishi Kapata, kwenye zile nyumba za mistari zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Nilifanya kazi kampuni ya shaba, upande wa jeolojia. Sikuwa injinia. Nilikuwa na diploma ya sekondari tu, na kazi yangu ilikuwa kubeba vigingi na mifuko ya udongo nyuma ya mainjinia porini.

Kazi hiyo ilinifundisha kitu kimoja nilichojivunia sana: kusoma majani.

Kuna mmea mfupi wenye ua la zambarau, sisi tunauita ua la shaba. Udongo ukiwa na shaba nyingi, miti inakataa, muhogo unakataa, lakini huo mmea unastawi. Ukiukuta umejaa mahali peupe katikati ya msitu, unaweka kigingi, unachukua udongo. Mara nyingi chini kulikuwa na minerai, yaani mawe yenye madini, kweli.

Sasa, mke wangu, Mama Ngoie, alikuwa na shamba mwendo wa saa moja hivi kutoka Kapata, karibu na kijito. Alipewa na chifu wakati mtoto wetu wa kwanza bado ananyonya. Muhogo, mahindi, karanga. Pembeni aliacha miti mirefu bila kuikata kwa sababu ya viwavi vya kula, maana msimu wake ukifika viwavi hao ndio nyama yetu. Mshahara ulipokuwa unachelewa, shamba lile ndilo lililotulisha. Nilipostaafu, ndilo peke yake lililobaki.

Kona moja ya shamba hakuwahi kuilima. Ilikuwa imejaa ua la shaba.

Kwa miaka yote nilikuwa naiangalia ile kona na kunyamaza. Kisha wachimbaji wadogo wakajaa Kolwezi, jirani zangu wawili wakapata minerai nzuri, na kila jioni ikawa ni hadithi zao. Mimi niliyetembea na mainjinia nikawa msikilizaji. Hilo ndilo lililoniuma, wakuu. Njaa haikuwepo nyumbani.

Nikamwambia Mama Ngoie kwamba nataka kuchimba ile kona.

"Pale mahali panagonjwa," akasema. "Mi napaacha, na penyewe pananiacha. Ukichimba pale, bukari utakulaka kwa nani?"

Bukari ni ugali. Nikacheka. Nikamwambia mambo ya udongo nimeyasomea.

"Basi soma," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Nilileta kundi la vijana watano. Mkuu wao aliitwa Kapend, mtu wa Sandoa, mwenye maneno mengi na mikono hodari. Tukakata ile miti ya viwavi ili tuweke nguzo ndani ya shimo. Niliinyooshea kidole mwenyewe, huu na huu na ule.

Siku ya tatu Kapend akapanda juu ameshika jiwe jeusi, zito, linang'aa kama chupa iliyoyeyuka. Mkono mwingine ameshika kipande cha bomba la udongo uliochomwa.

"Tata," akasema, "hii kilima yako bankambo walishaipikaka. Sisi tunakuja kulamba sufuria."

Tata ni baba, bankambo ni mababu. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jiwe lile nililijua. Lilikuwa taka ya tanuri. Nilikuwa nimeona mawe kama hayo mengi pale kampuni ilipokuwa ikiyeyusha shaba.

Nisimame hapa kidogo niwaeleze, maana hapa ndipo penye kosa langu.

Zamani, kabla ya kampuni yoyote, watu wa huku walikuwa wanayeyusha shaba wenyewe. Minerai waliitoa mlimani, wakaibeba hadi karibu na maji na miti ya makaa, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, na mabomba ya udongo ya kupulizia moto. Wakimaliza miti, wanahama. Majivu na taka vinabaki, udongo unalewa shaba, na hakuna kinachoota hapo tena ila ua lile.

Kwa hiyo ua halikuwa linaniambia kuna shaba chini. Lilikuwa linaniambia watu walipita hapa wakafanya kazi. Mimi nilifundishwa kusoma majani. Kuwasoma watu waliopita juu yake sikufundishwa.

Ningeacha siku ile, nisingekuwa na uzi wa kuandika.

Kapend alinishauri vizuri: "Tata, hapa hakuna kitu. Tufunike, turudie nyumbani."

Nikaona aibu kurudi Kapata na jiwe la taka. Nikasema tanuri haiwezi kuwa mbali na minerai, tushuke zaidi. Tukashuka. Hakuna kitu. Nikahamisha kazi hadi katikati ya muhogo wa mke wangu, mashimo mawili mengine. Hakuna kitu. Kapend na wenzake wakafunga mizigo yao, wakaenda.

Mvua ilipofika, ule udongo wa juu ya mashimo, pamoja na majivu ya mababu, ukatelemka juu ya matuta. Hapakuwa na miti ya kuuzuia, nilikuwa nimeikata. Muhogo ukawa wa njano, mizizi myembamba kama kidole. Ua la shaba likatoka kwenye kona yake likatembea hadi katikati ya shamba. Kazi ambayo mababu walifanya kwa vizazi, mimi niliiongezea ndani ya kiangazi kimoja.

Mama Ngoie hakupiga kelele. Alichukua jembe na kikapu, akaenda kuomba kipande cha ardhi kwa mama mmoja wa kanisani, mbali, mara mbili ya mwendo wa zamani. Mwanamke wa umri wake.

"Ulisema umesoma," akaniambia. "Mi sina neno."

Nikaanza kurudisha udongo shimoni kwa toroli. Peke yangu, maana nani nimwite. Nilikwangua ule mbaya juu ya matuta, nikautupa chini kabisa, nikafunika. Nikabeba udongo wa kichuguu, samadi ya mbuzi, chokaa. Visiki vya miti ile vilipochipua sikugusa hata tawi. Mwaka wa kwanza hakuna. Mwaka wa pili magugu, nikafurahia magugu kama mjinga. Mwaka wa tatu nikajaribu mashina machache ya muhogo.

Mwezi uliopita Mama Ngoie alikuja bila kuniambia. Akazunguka shamba lote. Akang'oa shina moja, akavunja mzizi, akaangalia ndani, akanusa. Kisha akachukua vijiti, akavichomeka kwa mstari.

"Mwisho ni hapa," akasema. "Huku utapanda kalanga. Ng'ambo usiguse, hata kama unaona panapendeza. Umesikia, Tata Ngoie?"

Nikajibu nimesikia.

Mstari wake umechukua kama theluthi ya shamba. Sehemu nyingine sitaiona ikipona nikiwa hai, na hilo nalijua vizuri. Watailima wajukuu, au hawatailima.

Nilichojifunza ni hiki: mahali ambapo watu wameishi, udongo umeshabadilishwa na watu, nao umewafundisha watu wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Mwenye habari hiyo ni yule aliyelima hapo. Muulize kabla hujachomeka kigingi.

Waliowahi kurudisha shamba lililochimbwa, Kisenge, Geita, Kitwe, popote, niambieni mlipanda nini kwanza na mlisubiri miaka mingapi. Wa kunisema pia waje, nafasi ipo. Nitasoma yote jioni, kwa sasa naitwa: karanga zinataka kupaliliwa, na mwenye shamba ameshafika.