Mama Mkwe na Vitabu vya Tarishi

Watu wakinitembelea hapa Rau huniuliza waanze na kitabu gani, nami huwaambia waanze na cha pili. Rafu ya juu nimeiachia vitabu sita vya upelelezi wa zamani, vyote vya mwandishi mmoja. Vinamhusu tarishi aliyekuwa akipeleka barua za boma wakati wa Mjerumani, na kila alikofika alikuta mtu amekufa kwa namna isiyoeleweka. Cha kwanza kina maelezo mengi mno; tarishi anapoanza safari umeshasinzia. Cha tano sikipendekezi kabisa, nadhani mwandishi alikuwa amechoka. Lakini cha pili kinaanza na maiti ukurasa wa kwanza, tena ndicho kilichonipatanisha na mama mkwe wangu.

Niliolewa Kirua Vunjo miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi nilizaliwa kule tambarare, kwenye kambi za shamba la miwa, kwa wazazi waliotoka mikoa ya mbali kutafuta kazi kiwandani. Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Kichagga sikukijua hata cha kuombea chumvi. Mume wangu alikuwa fundi mitambo kule kiwandani na alipanda mlimani Jumamosi jioni. Siku nyingine zote nilibaki kihambani na mama yake, katikati ya migomba na kahawa. Nilikuwa nimehamishiwa kufundisha shule ya msingi ya kijijini. Kukata majani ya ng'ombe sikujua, kupika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, sikujua, na mzigo mkubwa niliokuja nao ulikuwa sanduku la vitabu.

"Shikamoo, Mama," nilimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba, mwalimu," alinijibu, kisha akaendelea na kazi zake. Hakuniita mwanangu wala mke wa mwanangu. Nilikuwa mwalimu, kama vile nimekuja kukagua nyumba yake.

Ilipofika kampeni ya kisomo cha watu wazima, nilipewa darasa la akina mama, alasiri mara tatu kwa wiki. Mama mkwe alikuja kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alisema hakuna wa kubaki nyumbani. Alikaa dawati la mwisho, akanitazama kwa mashaka, na kabla mvua za masika hazijakatika alikuwa anasoma kuliko wenzake wote. Shida ilikuwa vitabu. Tulikuwa na cha ujenzi wa choo na cha kilimo bora cha kahawa. Hicho cha kahawa alikirudisha siku ya tatu.

"Huyu aliyeandika hajawahi kupogoa hata mti mmoja," alisema. "Huna kingine?"

Nikamkaribisha chumbani kwangu, ambako hakuwa amewahi kuingia tangu niolewe. Mume wangu alikuwa amenitengenezea rafu ya mbao za mgrivea. Mama alisimama mbele yake, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, polepole, akisoma silabi kwa silabi. Kidole kikasimama.

"Hiki kina nini?"

"Mtu ameuawa, Mama. Zamani, wakati wa Mjerumani, huku huku mlimani."

"Nani kamuua?"

"Mpaka usome."

Alinitazama kana kwamba nimemkosea adabu. Kisha akakifunika kitabu kwa kanga na kuondoka nacho.

Alikisomea jikoni, kwa sauti, kidole chini ya mstari. Alipokwama kwenye neno aliniita. Ukurasa wa nne alikwama kwenye "kunyemelea," nami nikashindwa kulieleza, ikabidi ninyemelee kweli kuzunguka mafiga, nimeinua gauni, nikimwendea kuku. Alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akanitajia neno lake kwa Kichagga, akanirudishia mpaka nikalitamka sawasawa. Basi tukawa hivyo kila siku: mimi natoa neno, yeye anatoa lake.

Aliyeuawa katika kitabu hicho ni mtunza ghala wa mangi, yaani chifu wa huko. Sura ya tatu tarishi anamhoji shemeji wa marehemu, naye anajitetea kwamba siku hizo hakuwepo: alikuwa kwa dada yake, alifika wakamenya ndizi za mbege pamoja, akakaa siku mbili, akanywa mbege hiyo, akarudi. Mama alisoma hapo, akarudia, kidole kikabaki palepale.

"Huyu ndiye," alisema.

"Ndiye nani, Mama?"

"Muuaji. Anadanganya. Ndizi zimemenywa juzi, leo anakunywa? Hapo ulezi hata haujatiwa! Ndizi zenyewe hazijachacha!"

Niliinama kupuliza moto asiuone uso wangu. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nilimjua muuaji ukurasa wa mwisho tu, tarishi alipoeleza jambo hilo hilo la ndizi.

"Sijui, Mama," nilisema. "Endelea tu."

Aliendelea wiki tatu. Alipofika mwisho alitoka nje mbio, mimi nikiwa naanika nguo, akanipigia ukurasa ule kwa kiganja. "Nilikuambia! Nilikuambia, mwanangu!"

Hakugundua alichoniita. Mimi niligundua, nikabaki nimeshika shuka mbichi mpaka maji yakanilowesha miguu.

Msimu wa kahawa ulipofika akawasimulia majirani hadithi yote kwa Kichagga walipokuwa wakichambua kahawa kwenye vichanja, akiwanyima jina la muuaji. Wawili waliokuwa wameacha darasa wakarudi ili wajisomee wenyewe.

Alivimaliza vyote sita. Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni tulishuka pamoja Moshi mjini, akaingia duka la vitabu na kumuuliza muuzaji mwenyewe kama cha saba kimetoka. Kijana akasema karatasi hakuna, havichapwi tena. Akampa cha mwandishi mwingine.

"Ni cha zamani?" Mama alihoji.

"Ndiyo, Mama. Enzi za misafara."

"Maiti anapatikana ukurasa wa ngapi?"

Kijana akafungua, akatafuta. "Wa pili."

"Basi nifungie. Hapana, usifunge."

Nilimwacha kwenye benchi la nje nikaenda kwenye foleni. Niliporudi, mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri gari la kwenda Mkuu alikuwa amesogea karibu yake, kikapu mapajani. Mama alikuwa anamsomea, bila kidole, na yule mwanamke alinyoosha mkono kunizuia nisiwakatishe.