Maji ya Haymana Yaliyoishia Kwenye Chai

Majina ya watu wa kisa hiki wote ninayo kichwani, hadi ya watoto, ila siyaandiki. Wengine wapo hai na midomo wanayo.

Miaka ile ya sabini tulikaa Hagsätra, huko Uswidi, mwisho wa treni. Goti langu la kulia lilikuwa limekataa kukunjika kwa kusugua sakafu za watu. Kazi niliivumilia, kilichoniuma ni kusali juu ya kiti kama ajuza, na mimi hata mvi sina.

Jirani yangu Mturuki kwao Haymana, huko ambako maji yanatoka ardhini yakiwa moto, na watu wanaingia humo kutibu viungo. Kiswidi chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini goti alilielewa. Kila kiangazi yeye na mumewe walikwenda kwao kwa gari. Safari moja akarudi na dumu la maji hayo.

"Dada, haya yako. Yapashe moto, ukande goti."

Mumewe akaguna: "Mazulia tumeyaacha, tumebeba maji!"

Nikaliweka jikoni. Sasa, sisi watu wa Tanga, hata bomba litiririke mchana kutwa, dumu jikoni halikosi, na maji ya dumu ni ya kunywa. Kesho yake narudi kutoka kazini, namkuta mume wangu kajaza wageni, birika la chai ya tangawizi katikati. Dumu tupu.

"Baba watoto, chai umepika kwa maji gani?"

"Ya dumu. Yana chumvichumvi, ikabidi nizidishe sukari."

"Umewanywesha watu goti langu!"

Wageni vikombe chini. Mmoja akasema, "Shemeji, ndiyo maana mimi magoti nayaona mepesi!" Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka.

Mara jirani huyo mlangoni, kaja kuliangalia goti. Nikamweleza. Akalitazama dumu, akamtazama mume wangu, akajimiminia kikombe, akaonja.

"Tangawizi imeyaharibu," akasema. "Mwakani sileti maji. Nakupeleka wewe."

Na kweli, mwaka uliofuata nilibanwa kiti cha nyuma, tukapita nchi hadi nikachoka kuuliza hii ni ipi. Haymana nilipotia mguu kwenye bwawa la wanawake nikapiga ukelele, kwa moto ule! Kina mama wakanicheka, wakanishika mikono, wakanizamisha. Ikawa kila siku ni bwawani.

Karibu na kurudi nikatandika msala chini, nikasujudu, paji la uso sakafuni. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Jirani na mama yake wakanivuta huku na huku, kicheko kikatushika wote watatu, na sala ikabidi niianze upya. Kiti sikukiomba.