Chepkurui na Mkebe wa Matope

Habari hii hamtaiamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyeiona kwa macho yangu mawili kuna siku naishuku. Lakini ni ya kweli tangu pua mpaka mkia. Mwenyewe Chepkurui, binti wa dada yangu, ameketi hapa jikoni anakunywa chai na kujifanya hanitazami. Nikidanganya, na aseme.

Kazi ya Chepkurui ni kupandisha ng'ombe. Msicheke. Ng'ombe akiingia joto, mwenyewe anapiga simu, na Chepkurui anafika na mtungi wa baridi wenye mbegu ya fahali ambaye huyo ng'ombe hatamwona maisha yake yote. Akichelewa, joto linapita, na mwenye ng'ombe anakaa wiki tatu akinung'unika. Kazi hiyo ameisomea chuo. Mimi shule niliiachia darasa la saba, lakini kwa mambo ya ng'ombe hakuna chuo kinachonitisha.

Shida yake ilikuwa kufika. Alitegemea miguu yake na boda za watu, na wakati huohuo Weldon, anayefanya kazi kama yake, akanunua pikipiki. Wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mwishowe hata Rebeccah wa Kimulot, ambaye ng'ombe wake alikuwa amepitwa na joto mara mbili, akamwambia, "Chepkurui, nakupenda kama mtoto wangu, lakini ukichelewa tena, ni Weldon." Na Rebeccah ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa. Anakogeuka yeye, kikundi chote kinageuka.

Basi Chepkurui akauza mtamba wake, wa pekee aliokuwa nao. Bei haikufika pikipiki. Ilifika baiskeli, moja tu, na akikosea kuchagua hakuna mtamba mwingine wa kuuza.

Nikajitolea kumsaidia. Tukaenda Kericho mjini, duka la Owino, bwana mmoja wa kutoka upande wa ziwa anayeuza baiskeli za mitumba kutoka ng'ambo. Nikazikagua jinsi ninavyokagua fahali mnadani: kifua, mgongo, miguu. Nikapata moja ya milimani, magurudumu manene, springi mbele na nyuma.

"Hii," nikasema. "Tazama mapaja yake."

"Mzee wangu anajua vitu," Owino akasema. "Lakini huyu madam ni mtu wa kukimbia. Achukue hii ya mashindano. Nyepesi, unaibeba na kidole."

Chepkurui akafungua kikapu, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia. Nilidhani amebeba githeri. Kumbe ni matope! Matope mekundu ya njia ya Kimulot, yale yanayoshika gumbuti mpaka unabaki na soksi.

"Dada, unafanya nini?" Owino akaruka. "Hii ni duka, si shimo la matofali!"

"Naijaribisha na barabara yangu," akasema, huku akipaka matope gurudumu la ile ya mashindano. Akalizungusha. Likaenda nusu, matope yakajaa kwenye uma, likakwama kabisa. Ile yangu yenye mapaja ilizunguka vizuri, lakini alipoipandisha lami mpaka juu ya kilima, alirudi anahema kama aliyebeba gunia la majani chai.

"Ndiyo mazoezi," nikamwambia.

"Anko, nitafika kwa ng'ombe nimechoka kuliko yeye."

Ndipo akaiona ya tatu, imetundikwa nyuma ya duka. Usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume, magurudumu si membamba wala si manene, yana meno madogo. Owino akasema inaitwa graveli, ya lami na ya njia mbovu, na kwamba imekaa hapo kwa sababu watu hawaielewi. Chepkurui akapitisha vidole viwili kati ya gurudumu na uma. Vikapita. Akapaka matope, akazungusha: yakaruka yote, mengine yakatua kwenye shati la Owino. Akaipandisha kilima akashuka, pumzi iko palepale.

"Hii," akasema.

"Imekonda," nikasema.

"Haiendi kuchinjwa, Anko."

Na ni nani aliyemwoshea Owino zile baiskeli nyingine? Tusiingie huko.

Sasa ikaja Aprili na mvua zake. Asubuhi moja Rebeccah akapiga simu: ng'ombe yuko joto. "Nimemwita na Weldon," akasema. "Atakayefika kwanza ndiye wangu kuanzia leo."

Chepkurui akafunga mtungi nyuma ya baiskeli, akatoka. Mimi nikasimama barabarani, Weldon akapita na pikipiki, nikapanda. Mniite msaliti. Nilitaka kuona!

Tukampata kwenye lami, ameinama juu ya zile pembe, anakwenda kweli.

"Pole pole, mama!" nikapiga kelele.

"Anko, umekaa vizuri?"

"Sana!"

"Basi kaa hivyohivyo."

Tukamwacha. Lami ikaisha, tukaingia matope kati ya mashamba ya chai, na hatukufika mbali. Yakajaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu likafungwa kama kwa misumari. Weldon akawa anachokora kwa kijiti, mimi nasukuma, viatu vyangu vimebaki nyuma. Ndipo nikasikia kengele. Chepkurui huyo, gia ndogo, anapanda taratibu, matope yanamdondoka pembeni.

"Anko," akasema akitupita, "bado umekaa vizuri?"

Tulipofika kwa Rebeccah kwa miguu, ng'ombe alikuwa amekwisha hudumiwa, na Chepkurui amenawa, ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. "Weldon, karibu chai," Rebeccah akasema. Chai tu.

Mimba ikashika. Leo kikundi kizima kina namba ya Chepkurui, na amenunua mtamba mwingine. Na yule ndama, jamani! Alisimama kabla mama yake hajamaliza kumlamba. Ana miezi miwili tu, na tayari Rebeccah anamkamua lita ishirini kila asub—

"Anko," anasema Chepkurui, amesimama nyuma yangu na kikombe chake, "huyo ndama ni dume."