Kilango cha Shaba

Harufu ya hita ya gari kuukuu, inapowashwa baada ya kulala muda mrefu, haifanani na harufu nyingine. Ni vumbi linaloungua polepole, majani makavu yaliyonasa chini ya kioo cha mbele, sponji ya viti, na kwa mbali utamu kidogo wa maji yaliyochemka ndani ya chuma. Nimekutana nayo Kitale, Naivasha, Limuru na miji mingine niliyokaa mwaka mmoja au miwili kisha nikafunga mizigo, maana miguu yangu haijawahi kujua kutulia. Kila inaponijia siwazi baridi. Nawaza Malaba ya jua kali, malori yamepanga foleni kuelekea Uganda, na likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa, wakati nyumba yetu nzima ilihangaikia joto katika mji ambamo hakuna mtu aliyewahi kulitafuta.

Baba alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa uwanja wa udongo mweusi wa oili nyuma ya barabara kuu, mkabala na kibanda cha Ekisa, fundi wa pancha aliyekuwa na neno la kumwambia kila apitaye. Sisi tulitoka Butula, lakini kazi ilimweka Baba Malaba, na nyumba yetu ya mabati ilikuwa hapo hapo uani. Magari yaliyoletwa kwake yalikuwa na ugonjwa mmoja zaidi ya mingine yote: kuchemka. Yalisimama kwenye foleni saa nzima injini ikinguruma, jua likipiga, mpaka mvuke ukatoka chini ya boneti. Dawa yake, kama ya kila fundi wa mpakani, ilikuwa kuchomoa thamostati. Ni kilango kidogo cha shaba kinachokaa njiani mwa maji ya injini. Injini ikiwa baridi hujifunga, maji yasiende kwenye rejeta kupoa. Injini ikipata moto hujifungua. Kikishika kutu kikakwama, gari huchemka. Basi mafundi wetu hawakungoja kikwame. Walikitoa, wakafunga tena, na dereva akaenda zake akishukuru. Fundi aliyekiacha ndani alionekana hajasoma kazi.

Vile vilango Baba alinipa mimi. Nilikuwa navyo kopo zima, na nyuma ya nyumba nilikuwa na jiko langu la mchezo ambapo kila kimoja kilikuwa sufuria. Kimoja cha ugali, kimoja cha mboga, kimoja cha chai ya wageni. Baba akipita hapo alichuchumaa, akajifanya anakunywa, akasema, "Mama, hii chai imekosa sukari." Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Nabwire.

Nabwire mwenyewe, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa amekuja kutoka Butula mwanzoni mwa likizo hiyo akiwa na kikapu, kuku mmoja na kifua chake kibovu. Kifua hicho kilikuwa kama mtu mwingine nyumbani. Kikipigwa na upepo wa baridi kilijifunga, akawa anavuta pumzi kwa mlio mwembamba, mdomo ukibadilika rangi. Lakini alikuwa na safari. Senge, dada yake Baba aliyeolewa kule juu Timboroa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya miaka kumi na miwili ya kungoja. Katika nyumba yetu mtoto hutajiwa jina na bibi yake akiwa amempakata, si kwa barua wala kwa kutumiwa mtu. Senge alikataa kumwita mtoto kitu chochote mpaka mama yake afike. Kukhu alikwisha kulichagua: Nafula, jina la mama yake mwenyewe. Alisema haondoki duniani kabla hajalitamka.

Tulijaribu kwenda mara ya kwanza. Baba alikuwa na gari refu la rangi ya maziwa alilolifufua kutoka vyuma chakavu, akamfunga Kukhu blanketi tatu, tukaondoka asubuhi. Mpaka Webuye tulikuwa tukiimba. Baada ya Eldoret ukungu ulishuka, na Baba akawasha hita. Upepo ulitoka kwa nguvu, lakini ulikuwa upepo wa mtoni. Akazungusha kitasa mpaka mwisho. Ukazidi nguvu, haukuzidi joto. Akauzima, lakini baridi ya nje ikaendelea kupenya milangoni. Kukhu alianza ule mlio wake. Nilimshika mkono, vidole vilikuwa kama maji ya kisima. "Endelea," alimwambia Baba, "endelea tu." Baba alimtazama kwenye kioo kidogo, kisha akaligeuza gari. Tukarudi Malaba. Kukhu alipoketi jikoni aliuliza kitu kimoja: "Sasa yule mtoto anaitwa nani leo?"

Siku tatu zilizofuata Baba hakushika gari la mtu mwingine. Aliipima feni, ikawa nzima. Alitazama maji ya rejeta, yalikuwa yamejaa. Akafuata waya unaofungua bomba la hita kutoka dashibodi mpaka mwisho, akautia grisi ingawa haukuwa na shida. Akachomoa mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita, akapitisha maji ya mfereji kinyume, yakatoka mekundu kama chai ya mkandaa, akafurahi, akarudisha. Akawasha. Upepo ukatoka vuguvugu, basi.

"Fundi, hiyo si hita, hiyo ni friji ya soda," Ekisa alimpigia kelele kutoka ng'ambo. "Weka soda humo tuuze!"

"Wewe ziba pancha zako."

"Mzee, kwani hapa Malaba nani anataka hita? Fungua tu dirisha!"

Baba hakucheka. Siku ya tatu aliniambia niketi kwenye usukani nitazame mshale wa joto huku yeye akisikiliza injini. Mshale ule ulikuwa fahari yake. Siku zote ulilala chini kabisa, na aliwaonyesha wateja: ona, gari langu halichemki kamwe. Aliwasha injini iliyolala usiku kucha, akaweka kiganja juu ya mpira mkubwa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Akakaa hivyo. Nilimwona kupitia ufa wa boneti. Uso wake ulibadilika polepole.

"Mama, mshale uko wapi?"

"Umelala."

"Na huu mpira tayari unapata joto," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Ulipaswa kuwa baridi kwanza. Uwe baridi kabisa, halafu uje kupata moto ghafla. Haya maji yanaenda kupoa kabla hayajapata moto." Akafunga boneti kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Ni mimi. Thamostati niliitoa kwa mkono wangu."

Alimwendea Kukhu, akachuchumaa mbele yake, akamweleza habari ya kilango. Kukhu alisikiliza akichambua kunde. "Kwa hivyo uling'oa mlango wa nyumba," alisema, "halafu unazunguka ukuta mzima ukiuliza baridi imepitia wapi." Baba alisema ndiyo. "Na hayo magari mengine yote?" Kukhu alimpangusa oili shavuni kwa ncha ya leso yake. "Haya. Mlango unao, ama uliutupa?"

Baba alikuja nyuma ya nyumba. Niliona magoti yake kwanza, yakitua kwenye vumbi mbele ya jiko langu. Alikuwa amevua kofia. "Mama," alisema, "naomba sufuria moja."

Nilimpa zote. Zilizofanana na ya gari letu zilikuwa tatu. Hakuziamini, aliweka sufuria ya kweli jikoni, maji yakiwa baridi, akazining'iniza ndani kwa uzi, na tukaketi sote kuizunguka: Baba, Kukhu, mimi, na Ekisa aliyejileta bila kuitwa. Maji yakaanza kutoa mapovu madogo, yakachemka. Ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Ya tatu ilikuwa ile ya chai ya wageni. Ilikaa kimya, kisha taratibu, kama jicho la mtoto anayeamka, ikafunguka. Baba aliinyanyua; ilipopoa ikajifunga.

"Kumbe kinapumua," Kukhu alisema, mkono ukiwa kifuani.

Baba alikirudisha mahali pake, na mchana tukalijaribu gari, tukaenda mpaka Moding na kurudi, vioo vimefungwa, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Hapo ndipo harufu ile ilipotoka kwa mara ya kwanza. Tulitokwa jasho mpaka nguo zikatuganda mwilini, na watu kando ya barabara walituona tukiwa wekundu macho, tukicheka. Mwanamke mmoja wa mbogamboga aliuliza, "Mnapika nini humo ndani?" Kukhu alishusha kioo kidogo tu na kumjibu, "Tunapika jina."

Alilitamka siku mbili baadaye, Timboroa, ukungu ukiwa umelala mpaka mlangoni. Aliteremka kwenye gari kwa miguu yake, mdomo ukiwa na rangi yake, akampokea mtoto kwa mikono yenye joto. Senge alilia mpaka akasahau kutukaribisha. Tangu hapo Baba hakuacha kuchomoa vilango, kwa sababu malori yaliendelea kuchemka, lakini kwanza alimwuliza kila dereva, "Boss, unaelekea wapi?" Akisikia jina la mji wa juu, alikiacha, au alitafuta kingine.

Kukhu tulimzika Butula zamani. Malaba ile imebadilika; kibanda cha Ekisa kimekuwa duka la simu. Gari langu la sasa nalo si jipya, na juzi fundi kijana wa Eldoret alilichomekea mashine ndogo akasoma makosa yake kwenye kioo cha mashine hiyo, bila kushika kitu. Ni kazi safi, siikatai.

Baba anaishi Butula, na kile kifua kimemhamia yeye. Agosti iliyopita nilifunga safari kumchukua, tuende Timboroa, maana Nafula amejifungua. Nilimfungulia mlango, blanketi ziko tayari. Hakuingia. Alitembea na fimbo yake mpaka mbele, akaniomba nifungue boneti na kuwasha injini iliyolala usiku kucha. Akaweka kiganja juu ya mpira mkubwa, akafumba macho, akangoja. Niliteremka nikasimama kando yake. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mishipa imetokeza.

"Bado baridi," alisema, akatabasamu. "Twende."