Boti Iliyokunywa Maji

Kila nikipita kwenye saluni za Yeoville, hapa Johannesburg, na kunusa mafuta ya nazi, wenzangu huwaza nywele, mimi nawaza boti. Msinicheke. Mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alinunua mafuta hayo ndoo nzima pale pale, pamoja na pamba, hadi dada muuzaji, Mkongo mcheshi, akamwuliza, "Papa, una vichwa vingapi nyumbani?"

Baba ni mtu wa Tanga, fundi wa vyombo vya baharini tangu ujana wake. Lakini Johannesburg haina bahari, jamani. Tulipanga chumba mtaa wa La Rochelle, naye akawa anatengeneza makabati ya jikoni. Akisema yeye ni fundi boti watu walicheka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Ndipo akatokea Mzee Danie, mzee wa Kizungu wa Midrand, mwenye boti ya mbao aliyoachiwa na babu yake. Ilikuwa imekaa uani miaka na miaka chini ya turubai. Baba aliipapasa ubavuni kama anamsalimia ndugu yake.

Kila Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana Kiingereza cha Baba kilitosha kununulia misumari tu. Alisokota pamba, akaichovya kwenye mafuta, akaigongea kati ya ubao na ubao kwa nyundo ya mti, tak, tak, tak. Kazi hiyo ndiyo kukalafati. Lakini hakuikaza sana. Akaniambia, "Mwanangu, mwambie mzee, hewa ya huku imekausha mbao. Nikikaza sasa, zikivimba baharini zitavunjana. Siku ya kwanza maji yataingia, asiogope. Akiache chombo kinywe kwanza."

Eish, maneno yote hayo! Nami nilikuwa katikati ya mchezo wangu wa simu. Nikamgeukia Mzee Danie, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Baba anasema iko sharp, yaani iko sawa, basi.

Mwezi wa saba tuliikokota boti hadi pwani ya mbali kaskazini mwa KwaZulu-Natal, kwenye ghuba isiyo na nyumba hata moja. Sikuwahi kuiona bahari. Nilishuka garini nikabaki nimeshikilia mlango. Mbona haina mwisho?

Boti ilishushwa kwenye maji ya kina cha magoti. Haikupita muda, maji yakaanza kupenya kila mshono, yakajaa, boti ikakaa mchangani. Mzee Danie akaiva uso.

"Boti ya babu yangu! Muulize baba yako, kwa nini hakunionya?"

Badala ya kutafsiri, niliinama kukunja suruali yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Baba akanitazama kidogo, akavua kofia yake, akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kosa ni langu, alisema. Nilisahau kukwambia. Ngoja mpaka kesho.

"Fundi gani wewe?" Mzee Danie akamgeuzia kisogo.

Na mimi, Mungu wangu, nilishusha pumzi. Nilifikiri, afadhali, kumbe Baba amesahau kwamba aliniagiza!

Asubuhi tuliyakumba maji kwa ndoo, na hayakurudi. Mbao zilikuwa zimevimba zikashikana, hata ukucha haupiti. Mzee Danie alizigusa moja moja, kisha akawasha injini.

Sijui niwaeleze vipi. Maji yalikuwa maangavu hata niliona kivuli cha boti yetu kikitembea kwenye mchanga chini kabisa, samaki wakikipisha. Tulipita vichaka na fukwe ambazo pengine hazijakanyagwa mwaka mzima. Mara bahari ikainuka pembeni yetu, ikawa nyeusi, ikawa mgongo wa nyangumi, mpana kuliko chumba chetu. Akapumua, na pumzi yake ikatulowesha. Mzee Danie akazima injini. Nililia, na sikuwa na hofu hata kidogo. Baba peke yake hakumtazama sana nyangumi. Alikuwa ameinama, anakagua mishono yake.

Tuliporudi ufukweni Mzee Danie alimpa Baba mkono. "Wewe ni fundi hasa," akasema, "ila siku nyingine usisahau kusema." Safari hiyo nilitafsiri neno kwa neno. Baba akaitikia kwa kichwa.

Miaka ilipita. Nilipoanza kazi nilisingiziwa kosa dogo la mwenzangu, nikaruka maili mia kujitetea. Siku hiyo ndipo niliposhtuka. Mtu aliyekumbuka kila ubao wa boti ile angesahauje alichoniagiza? Alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia katika mji huu, jina la ufundi, na alilitupa mbele ya tajiri wake ili mtoto asiaibike.

Nilikwenda La Rochelle kumwomba msamaha. Alikuwa anapiga randa mlango wa kabati, wala hakuinua kichwa.

"Msamaha wa nini?" akasema. "Si nilishasema nilisahau?"